Hakuna komando anayeajiriwa mtaani: Fahamu vikosi maalum na njia ya kuvifikia

Mwezi uliopita, baada ya baraza la chifu katika wadi ya Mabatini, mama mmoja alinivuta kando. Alifungua mkoba wake akatoa bahasha, na ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

“Mwanangu, wewe ni mtu wa kaunti. Hebu nisomee hii, uniambie kama ni ya kweli.”

Barua ilikuwa na nembo, muhuri na sahihi. Ilisema kwamba kijana wake wa miaka 21, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye sasa anasukuma mkokoteni wa maji, amechaguliwa kuingia moja kwa moja katika kikosi maalum cha jeshi. Aliyeileta alitaka shilingi 300,000 “za kufunga faili”.

“Umeshalipa, mama?”

“Bado. Chama kinanipa mkopo Jumamosi.”

Nilimsihi asiuchukue mkopo huo. Sikuhitaji kuchunguza muhuri wala kumpigia mtu simu. Maneno matatu ndani ya barua yalitosha kuonyesha kwamba ni ghushi: “moja kwa moja”. Hapa Kenya, raia hatolewi mtaani akawekwa katika kikosi maalum. Kila komando unayemsikia, awe wa jeshi au wa polisi, aliingia kwanza kama kurutu wa kawaida, akahudumu, kisha akachujwa kutoka miongoni mwa wenzake. Anayekuuzia njia ya mkato anauza kitu ambacho hakipo.

Makala haya yanaeleza vikosi hivyo ni vipi, kazi ya kila kimoja inatofautianaje na ya kingine, na kijana wa Mathare anayetamani kazi hiyo aanzie wapi.

KWA NINI KAUNTI INAZUNGUMZIA JAMBO HILI

Tuseme wazi kwanza: ulinzi wa taifa na polisi ni majukumu ya serikali ya kitaifa. Serikali ya kaunti haiajiri wanajeshi wala polisi. Ofisi ya gavana haina nafasi za kugawa, na mwakilishi wa wadi vilevile hana.

Hata hivyo, wanaolaghaiwa ni wakazi wetu, na pesa zinazopotea ni za vyama, za vibanda na za karo. Isitoshe, kazi hii iko machoni petu kila siku. Makao makuu ya Jeshi la Wanahewa yako Moi Air Base, Eastleigh, jirani na bonde la Mathare. Makao makuu ya GSU yako Ruaraka, kando ya Barabara ya Thika, si mbali na Mathare North. Mtoto wa Mlango Kubwa au Kiamaiko hukua akisikia helikopta juu ya mabati na kuona malori ya askari yakipita. Si ajabu akiulizwa anataka kuwa nani ajibu, “Komando.” Anastahili kupewa maelezo ya kweli kabla tapeli hajampa ya uongo.

KIKOSI MAALUM NI NINI

Kikosi maalum ni kundi dogo la askari waliofunzwa kufanya kazi ambayo kikosi cha kawaida hakiwezi kuifanya kwa haraka, kwa siri au kwa ustadi unaotakiwa: kuokoa mateka, kuruka kwa miamvuli nyuma ya adui, kupiga mbizi, kupeleleza kwa siku nyingi bila kuonekana. Udogo wa kundi ndio sababu ya mchujo mkali. Katika kikosi cha watu wengi, mmoja akichoka wenzake watambeba. Katika kundi la watu wachache, mmoja akishindwa, kazi yote inaweza kuharibika.

Vijana wengi wamevifahamu vikosi hivi kupitia filamu za SEAL wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, kikosi kilichoanzishwa mwaka wa 1962, au SAS ya Uingereza iliyoanza mwaka wa 1941. Hapa kuna tofauti moja inayochanganya watu. Marekani ina mpango unaomruhusu raia kujiandikisha akilenga mafunzo ya SEAL tangu mwanzo, ingawa wengi wao hawamalizi. Kikosi cha kudumu cha SAS, kwa upande wake, huchagua watu ambao tayari ni wanajeshi. Utaratibu wa Kenya unafanana na huu wa pili. Kwa hiyo usichukue ulichokiona kwenye filamu ya Marekani ukadhani ndivyo mambo yalivyo hapa.

JESHI LA NCHI KAVU

Katiba ya 2010, Kifungu cha 241, inagawa Vikosi vya Ulinzi vya Kenya, yaani KDF, katika majeshi matatu: la Nchi Kavu, la Wanahewa na la Wanamaji.

Jeshi la Nchi Kavu ndilo kubwa kuliko yote matatu, na ndilo lenye vikosi maalum vinavyojulikana zaidi. Cha kwanza ni 20 Para, kikosi cha wanamiamvuli chenye makao Gilgil, Kaunti ya Nakuru. Kazi yake ni kufika kwa anga mahali ambapo barabara haifiki, au ambapo adui ameziba barabara, na kupashika hadi wenzao wafike. Cha pili ni 30 Special Forces, ambacho hufanya kazi kwa makundi madogo, ndani kabisa ya eneo la adui, mara nyingi kwa kupeleleza. Cha tatu ni 40 Ranger Strike Force, kikosi cha mashambulizi ya ghafla: kuingia, kupiga na kutoka.

Kazi ya askari hawa kwa miaka ya karibuni imekuwa zaidi Somalia na kwenye mpaka wetu wa kaskazini mashariki. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011 katika Operesheni Linda Nchi, na mwaka uliofuata wanajeshi wetu wakajumuishwa katika kikosi cha Umoja wa Afrika. Maana yake kwa familia ni miezi mingi bila baba au mama nyumbani, joto, vumbi, na hatari ya kweli. Familia zilizopoteza wapendwa wao katika kambi ya El Adde tarehe 15 Januari 2016 zinaijua gharama ya kazi hii kuliko makala yoyote yanavyoweza kueleza.

Nani inamfaa? Mtu wa miguu: anayeweza kutembea usiku kucha na mzigo mgongoni, kulala chini, kula kidogo na bado akafikiri vizuri asubuhi.

JESHI LA WANAMAJI

Makao ya Wanamaji ni Mtongwe, Mombasa, na wana kambi nyingine Manda, Lamu. Ndani ya jeshi hili mna kikosi maalum cha mashua, ambacho hufanya uvamizi na upekuzi baharini kwa vyombo vidogo vya kasi, na kikosi cha wapiga mbizi, ambacho husafisha njia za meli, hutafuta mabomu ya majini na kuopoa vilivyozama.

Kazi mbili zinaonyesha upana wa jeshi hili. Ya kwanza ni ya vita: tarehe 28 Septemba 2012, majeshi ya Kenya yalitua usiku kutoka baharini na kuushambulia mji wa bandari wa Kismayu, wakati huo ukiwa ngome ya Al-Shabaab. Ya pili ni ya huzuni ya raia: Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri pale Likoni likiwa na mama na binti yake, wapiga mbizi wa Wanamaji walishirikiana na wapiga mbizi wengine, wakiwemo wa kutoka nje ya nchi, hadi gari likaopolewa baada ya siku 13 kutoka kina cha takribani mita 58. Katika kina kama hicho giza ni totoro na mkondo una nguvu. Mpiga mbizi hawezi kupanda juu haraka anavyotaka, kwa sababu mwili unahitaji muda wa kuzoea tena shinikizo la juu.

Nani inamfaa? Mtu mtulivu asiyeogopa maji. Hapa ndipo vijana wengi wa Mathare huachwa nyuma, si kwa kukosa ujasiri, ila kwa kukosa mahali pa kujifunza kuogelea. Mto wetu si wa kuogelea. Bwawa lililo karibu zaidi kwa wengi wetu ni lile la uwanja wa Kasarani. Kama ndoto yako ni bahari, anza kuweka akiba ya kiingilio cha bwawa, badala ya akiba ya kumpa tapeli.

JESHI LA WANAHEWA

Jirani yetu wa Eastleigh hana kikosi cha makomando kinachojulikana kama kile cha Gilgil. Hilo lisikufanye ulidharau. Mwanamiamvuli hafiki popote bila rubani, na majeruhi hatolewi vitani bila helikopta. Kazi ya Wanahewa katika operesheni maalum ni kuwapeleka watu, kuwatoa, kuwaokoa na kuwapa macho ya angani.

Nyuma ya kila rubani mmoja kuna mafundi wengi: wa injini, wa umeme, wa mitambo ya mawasiliano, wa silaha. Kijana mwenye cheti cha ufundi kutoka chuo kinachotambuliwa anaweza kuomba kama kurutu mwenye ujuzi, na matangazo ya KDF kwa kawaida huruhusu kundi hili kuwa na umri mkubwa kidogo kuliko makurutu wa kawaida. Ufundi huu pia ndio unaouzika kwa urahisi zaidi baada ya kustaafu.

Kwa wasichana wanaosoma makala haya, kumbukeni jambo moja. Kwa miaka mingi wanawake jeshini waliwekwa katika kikosi chao peke yao, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 walipoanza kuunganishwa na wenzao wa kiume. Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed alianzia katika kikosi hicho cha wanawake. Mei 2024 aliteuliwa kuwa kamanda wa Jeshi la Wanahewa, mwanamke wa kwanza nchini kuongoza mojawapo ya majeshi hayo matatu.

GSU NA KIKOSI CHA RECCE

Hapa tunatoka jeshini na kuingia polisi, na tofauti ni kubwa kuliko rangi ya sare.

GSU ilianza mwaka wa 1948 kama kampuni ya dharura ya polisi, na ikapata jina lake la sasa mwaka wa 1953. Makurutu wake hufunzwa Embakasi. Ndani ya GSU ndimo mlimo Recce, kikosi cha kuokoa mateka na kukabiliana na magaidi, chenye kambi yake Ruiru. Maafisa wa Recce huchujwa kutoka kwa askari wa GSU wenyewe.

Wakenya wengi walilisikia jina hili kwa mara ya kwanza tarehe 2 Aprili 2015, magaidi walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Shambulio lilianza alfajiri. Lilimalizika jioni baada ya Recce, waliosafirishwa kutoka huku kwetu, kuingia katika bweni. Taifa liliuliza kwa nini walichelewa kufika, na swali hilo lilikuwa la haki. Shambulio la Dusit, hapa Nairobi, tarehe 15 Januari 2019, liliua watu 21, lakini vikosi viliingia mapema na mamia ya watu wakatolewa wakiwa hai. Funzo la matukio hayo mawili ni kwamba ustadi wa kikosi hausaidii mtu hadi kikosi chenyewe kiwe kimefika.

Nani inamfaa Recce? Mwenye macho makali na mkono usiotetemeka. Askari anayeingia chumbani kwenye mateka hukutana na adui na mtoto katika mlango mmoja, na ana sekunde moja ya kuwatofautisha.

POLISI WA UTAWALA NA WENGINE

Polisi wa Utawala nao wana vikosi vyao. RDU ni kikosi cha kufika haraka panapotokea ghasia au uvamizi. BPU ni kikosi cha doria mpakani. Kikosi cha kupambana na wizi wa mifugo hufanya kazi katika maeneo ya wafugaji, ambako majangili huwa na bunduki za kivita. Juni 2024, Kenya ilipotuma polisi wa kwanza Haiti, waliochaguliwa walitoka GSU na vikosi kama hivi. Kwa hiyo si kweli kwamba mwanajeshi peke yake ndiye hutumwa ng'ambo.

Pia kuna Huduma ya Walinzi wa Pwani, iliyozinduliwa Novemba 2018, ambayo hulinda uvuvi na kuzuia magendo baharini na katika maziwa. Na kuna Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambalo askari wake hufunzwa Manyani, Taita Taveta, na hupambana na wawindaji haramu wenye silaha. Kazi zao hazina sifa nyingi vijiweni, lakini ni ngumu na ni za heshima.

TOFAUTI AMBAZO UNAPASWA KUZIPIMA

Ukiviweka vikosi hivi pamoja, kuna mambo manne ya kutazama kabla ya kuamua.

Kwanza, sheria. Kazi ya KDF ni kulilinda taifa dhidi ya adui. Katiba inaruhusu jeshi kusaidia wakati wa majanga, na Bunge hupewa taarifa. Kutumwa kurejesha amani katika sehemu ya nchi yenye machafuko huhitaji idhini ya Bunge la Kitaifa. Polisi, kwa upande mwingine, hufanya kazi miongoni mwa raia kila siku. Mshukiwa lazima akamatwe akiwa hai inapowezekana, ushahidi uhifadhiwe, na askari anaweza kuitwa mahakamani kueleza kila risasi. Mamlaka ya IPOA iliundwa kwa sheria ya 2011 ili kuchunguza matendo ya polisi. Mwanajeshi naye ana mahakama yake ya kijeshi, na nidhamu yake ni kali hata katika mambo madogo ya sare na saa.

Sisi wa Mathare tuna sababu ya kulitilia maanani jambo hili. Wengi wetu tumekutana na askari usiku, kwenye kichochoro, na si kila mara tuliondoka kwa amani. Kijana anayetaka kuvaa sare ajiulize mapema atakuwa askari wa namna gani atakaporudi kwenye kichochoro kama kile alichokulia.

Pili, mahali. Komando wa nchi kavu ataishi kambini na msituni, mara nyingi mpakani. Mwanamaji ataishi pwani. Askari wa Recce ataishi karibu na mji, lakini simu yake haizimwi. Askari wa BPU atazoea Mandera au Wajir.

Tatu, familia. Hakuna hata kimoja kati ya vikosi hivi kinachokuahidi kwamba utakuwepo mwanao akizaliwa. Jeshini utajua mapema kidogo kwamba unatumwa kwa miezi kadhaa. Katika polisi unaweza kuondoka wakati wa chakula cha jioni na kurudi baada ya wiki.

Nne, maisha baada ya kazi. Goti la mwanamiamvuli na sikio la mpiga mbizi huchakaa. Fundi wa ndege, dereva wa mitambo na mhudumu wa dharura wana kazi inayowasubiri nje. Kumwuliza ofisa wa uajiri kuhusu ujuzi utakaobaki nao si dalili ya uoga.

MLANGO NI ULE ULE WA KILA MTU

Anayetaka Gilgil, Mtongwe au Eastleigh huanza na tangazo la KDF, ambalo hutolewa katika magazeti na katika tovuti ya Wizara ya Ulinzi. Katika matangazo ya miaka ya karibuni, kurutu wa kawaida ametakiwa awe raia wa Kenya mwenye umri wa miaka 18 hadi 26, kimo kisichopungua mita 1.60, na uzito usiopungua kilo 54.55 kwa wanaume na kilo 50 kwa wanawake. Awe na afya njema na asiwe na rekodi ya uhalifu. Mwanamke asiwe mjamzito wakati wa usajili na mafunzo. Alama za KCSE hutajwa katika tangazo lenyewe, na hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika.

Siku ya usajili utakaguliwa stakabadhi, utapimwa kimo na uzito, utakimbia na utakaguliwa mwili. Anayefaulu hupewa barua pale pale uwanjani, kisha huripoti kwenye shule ya makurutu, Eldoret. Baada ya mafunzo ndipo hupangiwa jeshi na kazi. Mlango wa vikosi maalum hufunguka baadaye, kwa aliyehudumu na kuonyesha nidhamu.

Anayetaka Recce au RDU huanza na tangazo la polisi. Matangazo ya karibuni yameweka umri wa miaka 18 hadi 28, alama ya wastani ya D+ katika KCSE na angalau D+ katika Kiswahili au Kiingereza, na kimo cha futi 5 na inchi 8 kwa wanaume au futi 5 na inchi 3 kwa wanawake.

Usajili huu wote ni bure. Hakuna fomu ya kununua.

JAMBO LINALOWAKWAZA VIJANA WETU

Kuna kikwazo ambacho hakizungumzwi vya kutosha. Kijana hukamatwa katika msako, huamkia Mahakama ya Makadara, na mtu humnong'onezea, “Kubali tu, lipa faini ndogo uende nyumbani.” Anakubali. Kukubali kosa mahakamani ni kutiwa hatiani, na alama zake za vidole hubaki katika rekodi. Miaka mitatu baadaye anaomba cheti cha polisi cha maadili mema na kukuta faini ile ndogo imemfungia mlango.

Kama hukufanya kosa, usilikubali ili utoke haraka. Mtu asiye na uwezo anaweza kuomba usaidizi wa kisheria wa serikali chini ya sheria ya 2016. Mzazi naye aende mahakamani siku hiyo, asimwache mtoto asimame peke yake.

Usisubiri tangazo litoke ndipo utafute cheti. Huombwa kupitia eCitizen kwa shilingi 1,050, na alama za vidole huchukuliwa katika vituo vya Huduma Centre, kama kile cha Makadara. Ukikuta kuna tatizo, utalijua ukiwa bado na muda wa kutafuta ushauri.

DALILI ZA MATAPELI

Ikatae barua au mtu yeyote mwenye mojawapo ya dalili hizi:

– Anakuahidi kuingia kikosi maalum bila kupitia ukurutu.
– Barua imekufikia kupitia mtu, au kwa simu, na kijana hakukimbia katika uwanja wowote wa usajili.
– Anataka pesa, iwe kidogo au nyingi, na anataka zitumwe kwa nambari ya mtu binafsi.
– Anasema ni siri, na kwamba ukimwambia chifu nafasi itapotea.
– Anajitaja kuwa wa ofisi ya kaunti. Tumeshasema: kaunti haina nafasi hizo.

Mara kadhaa vijana wamekamatwa katika lango la kambi ya Eldoret wakiwa na barua ghushi mkononi, baada ya wazazi wao kuuza mashamba. Tapeli huwa ameshazima simu. Zaidi ya hayo, Sheria ya Hongo ya 2016 inamhesabu mtoaji na mpokeaji wote kuwa wahalifu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10. Mzazi anayelipa “chai” kwa ofisa hajanunua kazi, bali amejitia mashakani.

Ukiwa na barua unayoishuku, ipeleke kituo cha polisi au ofisi ya chifu, au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi katika Integrity Centre. Kupiga ripoti kabla hujalipa hakukugharimu chochote.

USIPOCHAGULIWA

Nafasi ni chache na wanaojitokeza ni wengi. Kukosa hakuna maana kwamba hufai. Anayeweza kukimbia, kubeba na kutulia penye hatari ana kazi nyingine zinazomhitaji. Katiba imeipa kaunti jukumu la zimamoto na kukabiliana na majanga. Wazimamoto wetu, wenye kituo chao kikuu Tom Mboya Street, huingia penye moto ambapo wengine wanatoka, na wakazi wa Mathare wanawajua vyema. Nafasi hizo zinapopatikana hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na zenyewe pia haziuzwi.

Wakati unasubiri, fanya yale yasiyohitaji barua ya mtu. Kimbia asubuhi. Jiunge na klabu ya ndondi au ya soka. Soma huduma ya kwanza. Pata cheti cha ufundi. Hifadhi kitambulisho na vyeti vyako vya shule mahali ambapo moto na mafuriko haviwezi kuvifikia, au mwachie nakala jamaa anayekaa mtaa mwingine. Kijana mmoja wa Huruma aliwahi kuniambia kwamba alifaulu mbio, kimo na meno, lakini akarudishwa kwa sababu cheti chake halisi kilikuwa kimeungua nyumba yao iliposhika moto.

Yule mama wa Mabatini nilimpata tena wiki mbili baadaye. Mkopo hakuuchukua. Mwenye barua alimpigia simu mara tatu, bei ikashuka hadi shilingi 120,000, kisha akanyamaza. Kijana alikuwa amekasirika kwanza, akidhani mama yake amemnyima bahati.

“Sasa je?” nikamwuliza.

“Sasa anaamka saa kumi na moja kukimbia hadi Pangani na kurudi, kisha anaenda kwa mkokoteni wake. Na jana amekwenda Makadara kupigwa alama za vidole.”

Hajui kama atachukuliwa, na hata mimi sijui. Lakini safari hii yuko katika mlango wa kweli, na shilingi 300,000 za wanachama bado zimo ndani ya kisanduku chao.